Habari za Nyota, na Yeye Azihesabuye



Waalimu kadha wa kadha wametuuliza habari za nyota. Wengine wasumbuliwa na vijana wao waliosoma, ambao husema kwamba elimu ya mbingu imeyaangusha maneno ya Musa. Wengine wasumbuliwa na waganga ambao hutangaza hadharani ya kuwa wao husafisha nyota za watu, nao Wakristo waliobatizwa huenda kwao usiku wakiwa na fedha mkononi. Maswali haya yaonekana kuwa mbalimbali kabisa, walakini tumeona ni heri kuyajibu pamoja. Maana kijana yule na mteja yule wa mganga wote wawili huinua macho juu, na kile wakionacho hawakijui bado. Basi kwanza na tujue nyota ni nini, kisha tuseme mengine.

Usiku usio na mwezi, mbali na taa za mji, mtu mwenye macho mazima huona nyota yapata 2,500 kwa mara moja. Ukiziweka pamoja zote zionekanazo kwa macho, za kaskazini na za kusini, hazizidi sana 6,000. Hesabu hiyo si ya kutisha. Mwalimu mvumilivu angeweza kuimaliza kwa siku chache. Ibrahimu alipotolewa nje ya hema yake, kama tusomavyo katika Mwanzo sura ya 15, akaagizwa azihesabu, huenda angalifika mwisho. Asilolijua, wala hakuna mwanadamu aliyelijua hata mwaka 1609, ni kwamba zile zilizoonekana ni sehemu ndogo mno ya zile zilizokuwako. Ahadi aliyopewa ilikuwa kubwa kuliko mbingu alizozitazama.

Mwaka ule wa 1609 Galileo, mtu wa Italia, alielekeza darubini yake juu. Akatazama kundi la Kilimia, lile ambalo wakulima wetu tangu zamani walilitumia kujua majira ya kulima, nalo limetajwa pamoja na Orioni katika kitabu cha Ayubu, sura ya 38. Kwa macho matupu watu wengi huona nyota sita za Kilimia. Galileo alichora 36, akazitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1610. Leo wataalamu wajua ya kuwa kundi hilo lina nyota zaidi ya 1,000. Kisha akautazama ule mkanda mweupe upitao katikati ya mbingu, ambao watu huuita Njia Nyeupe, naye akaona kwamba si moshi wala si wingu: ni nyota, nyota juu ya nyota, ndogo kwa macho yetu kwa sababu ya umbali wake.

Sasa tuseme juu ya umbali, maana hapa ndipo akili huchoka. Jua letu ni nyota, nalo ni nyota ya kadiri, si kubwa kupita zote wala si ndogo kupita zote. Upana wake ni kama dunia 109 zilizopangwa mstari mmoja. Liko mbali nasi kilometa milioni 150. Gari liendalo kilometa 100 kwa saa, lisipumzike mchana wala usiku, lingefika huko baada ya miaka 171. Mwenye kulianza safari angekufa njiani, na mwanawe, na labda mjukuu wake pia. Lakini nuru hukimbia kilometa 300,000 kwa nukta moja ya saa, nayo huivuka njia hiyo kwa dakika nane na kidogo.

Haya, chukueni chungwa, mliweke mlangoni pa kanisa la Azania Front, Dar es Salaam, mseme: hili ni Jua. Dunia yetu, pamoja na milima yake na bahari zake na falme zake zote, itakuwa chembe ya mchanga iliyowekwa mita 8 na nusu kutoka chungwa lile. Na nyota iliyo jirani yetu, ya karibu kupita zote, tuiweke wapi? Ng'ambo ya barabara? Kariakoo? La, hasha. Itatupasa kuipeleka karibu na Johannesburg, na katikati hapana nyota nyingine hata moja. Tena ni katika mji huo huo wa Johannesburg, mwaka 1915, ambapo Robert Innes alivumbua nyota hiyo ya karibu, iitwayo Proxima, ambayo macho matupu hayaioni kwa kuwa nuru yake ni hafifu. Nuru yake hukaa njiani miaka 4 na robo. Kwa hiyo wataalamu hupima mbingu kwa mwaka wa nuru, yaani mwendo ambao nuru huenda kwa mwaka mmoja. Maana kilometa zimewashinda.

Pengine mtu atauliza, Walijuaje, nao hawakufika huko? Swali hili ni jema, na mwalimu asilikemee. Inua kidole chako mbele ya uso, ufumbe jicho la kulia, kisha ulifumbue na kufumba la kushoto. Kidole kitaonekana kuruka upande. Kikiwa karibu huruka sana. Kikiwa mbali huruka kidogo. Dunia yetu hulizunguka Jua, hata baada ya miezi sita tumehama kilometa milioni 300 kutoka mahali tulipokuwa. Basi nyota ikitazamwa leo na kutazamwa tena baada ya miezi sita, huonekana imesogea kidogo sana, kama kidole kile. Thomas Henderson aliipima nyota ya Alfa Sentauri kwa njia hiyo huko Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa bara letu, miaka ya 1832 na 1833. Walakini alisita kutangaza hata mwaka 1839, naye Bessel wa Ujerumani alikuwa amekwisha kumtangulia mwaka 1838 kwa nyota nyingine. Tangu hapo mbingu ikawa na vipimo.

Nyota huwakaje? Si kwa kuni wala kwa makaa, maana moto wa namna hiyo ungalizimika zamani. Ndani ya Jua joto lafika digrii milioni 15, na huko chembe za hewa iitwayo hidrojeni husongwa pamoja hata zikawa heli. Katika kila nukta moja ya saa Jua hugeuza hidrojeni tani milioni 600 hivi, na katika hizo tani milioni 4 hutoweka zikawa nuru na joto. Mahindi ya shambani kwako yameota kwa nuru hiyo. Tena nyota hazina rangi moja. Mhunzi ajua ya kuwa chuma chekundu hakijapata moto kama chuma cheupe. Ndivyo zilivyo nyota nazo. Betelgeuse, ile nyekundu iliyo begani mwa Orioni, ni baridi kuliko Jua, ijapokuwa ni kubwa mno. Rigel, iliyo mguuni pake, yang'aa kwa weupe wa kibuluu, nayo ni ya moto kupita Jua mara mbili. Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya ufufuo alitaja kwamba nyota hazilingani katika fahari zake, naye alisema kweli kuliko alivyoweza kuona.

Tukirudi kwenye ile Njia Nyeupe, hiyo ndiyo nyumba yetu. Jua letu ni nyota moja katika nyota zisizopungua bilioni 100, nazo zote zimekusanyika kama sahani pana inayozunguka. Kusanyiko la namna hii huitwa galaksi, au majarra kama wasemavyo baadhi ya watu. Nuru yahitaji miaka 100,000 hivi kuivuka sahani hiyo toka ukingo hata ukingo. Sisi hatumo katikati. Tumo mbali na kitovu chake yapata miaka ya nuru 26,000, kama kijiji kilicho kando ya wilaya. Jua pamoja nasi huchukua miaka kama milioni 230 kukizunguka kitovu mara moja.

Je, hiyo ni galaksi pekee? Hata mwaka 1920 wataalamu wakubwa wa Marekani walikuwa wakibishana juu ya jambo hili. Darubini zilikuwa zimeonyesha mawingu madogo mengi ya nuru, na hapana aliyejua kama yako ndani ya galaksi yetu au nje yake. Ufunguo ulipatikana kwa mkono wa mwanamke ambaye twapenda sana waalimu wamjue. Jina lake Henrietta Swan Leavitt, binti wa mchungaji. Alifanya kazi katika chuo cha Harvard, akihesabu na kupima nyota zilizopigwa picha huko Peru. Masikio yake yalikuwa yamedhoofika, na ujira wake ulikuwa senti 30 za Marekani kwa saa. Mwaka 1912 alitangaza jambo aliloliona kwa uvumilivu: ziko nyota ambazo nuru yake huongezeka na kupungua kwa taratibu, kama mtu apumuaye, nazo zile zinazopumua polepole zaidi ndizo zenye nuru nyingi zaidi.

Msidhani ni jambo dogo. Karabai likiwaka mlangoni kwako huumiza macho. Likiwaka ng'ambo ya bonde laonekana kama kimulimuli. Ukijua kwamba kile kimulimuli ni karabai, waweza kukadiri upana wa bonde. Usipojua kama ni karabai au kibatari, huwezi kusema neno. Bibi Leavitt aliwapa wataalamu njia ya kujua ni taa gani iliyowashwa huko mbali. Alikufa mwaka 1921, kabla ya kuona ufunguo wake ukifungua mlango. Mwaka 1923 Edwin Hubble, akitumia darubini kubwa ya Mount Wilson huko California, aliiona nyota ya namna ile katika lile wingu liitwalo Andromeda. Akapiga hesabu, akaona ya kuwa liko mbali mno nje ya galaksi yetu. Yeye alipata miaka ya nuru kama 900,000. Vipimo vya leo vyasema milioni 2 na nusu. Andromeda si wingu. Ni galaksi, yenye nyota zake mabilioni.

Kisha mwaka 1995 darubini iliyopewa jina la huyo Hubble, ambayo yazunguka juu ya dunia, ilielekezwa muda wa siku kumi mahali pamoja karibu na Dubu, mahali palipoonekana kuwa patupu. Kipande hicho cha mbingu ni kidogo kama punje ya mchanga iliyoshikwa kwa mkono ulionyoshwa. Picha ilipotengenezwa, ndani yake zilihesabiwa galaksi kama 3,000. Hesabu ya galaksi zote hukadiriwa kwa mamia ya mabilioni. Na siku ya Krismasi ya mwaka 2021 darubini nyingine kubwa zaidi, iitwayo James Webb, ilirushwa toka Guiana, nayo imeona mbali kuliko ile ya kwanza.

Haya ndiyo yanayowasumbua vijana. Wasema, Ikiwa nuru ya Andromeda imekuwa njiani miaka milioni 2 na nusu, na ulimwengu wote una miaka bilioni 13.8 kama wataalamu walivyopima, je, Mwanzo sura ya kwanza tutaiweka wapi?

Wapo ndugu wanaojibu kwa haraka kwamba Mungu aliiumba nuru ikiwa tayari njiani. Sisi hatulipendi jibu hili, nasi tutasema kwa nini. Mwezi wa Februari 1987, katika lile wingu dogo la kusini liitwalo Wingu Kubwa la Magellan, watu waliona nyota ikipasuka. Ilionekana kwa macho matupu miezi kadha, kisha ikafifia. Wingu hilo liko mbali yapata miaka ya nuru 160,000. Ikiwa nuru iliumbwa njiani miaka elfu chache tu iliyopita, basi nyota ile haikupasuka kamwe, wala haikuwako. Mungu alituchorea habari ya jambo lisilotukia. Je, tumdhanie hivyo yeye asiyeweza kusema uongo? Afadhali mtu akiri kwamba hajaelewa siku zile za Musa kuliko kumfanya Muumba kuwa mdanganyifu ili kuiokoa hoja yake.

Askofu Augustino wa Hippo, Mwafrika wa nchi iitwayo leo Algeria, aliandika juu ya kitabu cha Mwanzo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akawaonya Wakristo wa siku zake. Aliona ni aibu na hatari Mkristo anenapo upuzi juu ya mbingu na mienendo ya nyota mbele ya watu wasioamini wanaozijua habari hizo. Maana wakimsikia amekosa katika jambo wanalolijua, watamsadikije anapowahubiri ufufuo wa wafu, jambo wasilolijua? Maneno hayo tungependa yabandikwe katika kila chumba cha mafundisho. Musa alipoandika kwamba Mungu alifanya mwanga mkubwa na mwanga mdogo na nyota pia, aliandika kati ya mataifa waliosujudia jua na mwezi na nyota, akawaambia: hivi ni vitu, vimefanywa, viko mwenye kuvifanya. Kijana apaswa aulizwe hilo kwanza, kama aliamini au hakuliamini. Hesabu ya miaka na aipime kwa darubini. Hiyo ni kazi halali ya akili aliyopewa.

Basi sasa tuwageukie wale waendao kwa mganga. Mtu akikosa kazi, au binti akichelewa kuolewa, au duka likikosa wanunuzi, huambiwa, Nyota yako imefungwa. Au, Nyota yako imeibwa na jirani. Kisha hutajwa kiasi cha fedha, na kuku, na maji ya kuogea usiku. Ndugu zetu, tumekwisha kusema nyota ni nini. Ni tanuri kubwa kuliko dunia mara nyingi mno. Nuru ya Kilimia uionayo leo iliondoka huko yapata miaka 440 iliyopita, karibu na zamani zile Kitabu cha Concordia kilipotolewa, 1580, kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, 1593. Haikuwajua babu za babu zako. Ni jirani gani awezaye kuiba tanuri hiyo akaificha uvunguni mwa kitanda? Na ni maji ya ndoo gani yatakayoisafisha?

Augustino huyo huyo katika ujana wake aliwafuata wanajimu, wale wapigao hesabu za nyota ya mtu kwa saa ya kuzaliwa kwake. Lililomsaidia kuwaacha, pamoja na mengine, ni habari aliyosimuliwa na rafiki yake Firminus. Firminus alizaliwa katika nyumba ya watu wakubwa. Na saa ile ile, katika nyumba ya rafiki wa baba yake, mjakazi alizaa mtoto. Wazee wao walikuwa wapenda unajimu, wakaangalia kwa uangalifu, na hesabu za nyota za watoto wawili zikawa moja, bila tofauti hata kidogo. Lakini Firminus alikua katika utajiri na heshima, na yule mwingine akabaki mtumwa. Ikiwa mwanajimu angewatabiria sawasawa angesema uongo kwa mmoja wao. Na ikiwa angewatabiria mbalimbali, basi hakuyatoa katika nyota. Hoja hii imesimama tangu wakati ule, nasi hatujasikia aliyeiangusha.

Hata hivyo tusiwacheke walio wajinga kana kwamba Ulaya haikuwa na giza. Johannes Kepler, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1571, alikuwa Mlutheri aliyesoma Tübingen akikusudia kuwa mchungaji, kama baadhi yetu tulivyosoma. Mwaka 1594 alitumwa Graz kufundisha hesabu. Mara ya kwanza ilimhuzunisha, ndipo akaona ya kuwa Mungu aweza kutukuzwa katika elimu ya nyota pia, na ndiye aliyevumbua jinsi sayari ziendavyo katika njia zake. Kweli, kwa ajili ya riziki aliwaandikia mabwana wakubwa utabiri wa nyota, hatutalificha hilo. Na Kanisa letu halikumtendea vema siku zote, maana mchungaji wa Linz alimnyima Meza ya Bwana. Lakini jambo tutakalo mlikumbuke ni habari za mama yake. Katharina, mjane mzee, alishtakiwa na jirani tangu mwaka 1615 kwamba ni mchawi, kwa kuwa mwanamke mmoja aliugua baada ya kunywa kinywaji nyumbani kwake. Alikamatwa mwaka 1620, akakaa kifungoni na minyororo miezi 14. Mwanawe mwenye sifa mbele ya wafalme aliiacha kazi yake, akaenda, akaandika utetezi, akauchunguza ushahidi wa kila shahidi, akionyesha ya kwamba magonjwa yale yalikuwa na sababu za kawaida. Mwaka 1621 akafunguliwa. Mwaka uliofuata alikufa. Mashahidi wale walikuwa watu wa Kanisa la Kilutheri, wenye Katekisimo nyumbani mwao. Kila mara vikongwe wetu wenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni wanapotajwa kwa minong'ono, tunamfikiri Katharina Kepler, na twajiuliza ni nani katika usharika atakayesimama kama mwanawe.

Mtu atasema, Je, Mamajusi hawakuiongozwa na nyota? Waliongozwa. Lakini someni vema Mathayo sura ya 2: nyota iliwafikisha Yerusalemu, na huko ikawapasa kuuliza, nao wakajibiwa kutoka katika maandiko ya nabii. Njia ya Bethlehemu waliionyeshwa na Neno kwanza.

Liko swali la tatu, ambalo halikuja kwa barua. Mama mmoja aliyemzika mwanawe wa pekee alisikia mafundisho haya ya galaksi tulipoyasema katika mkutano wa wanawake. Baadaye akatungojea mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, Baba Mchungaji, mwenye hayo yote, bado alijua kaburi la mwanangu? Hatukumjibu mara moja. Mtu aulizwapo hivyo, asiwe mwepesi wa kutoa aya.

Wataalamu wamejifunza, na hili limethibitika tangu kati ya karne ya 20, kwamba chuma kilicho katika damu yetu na chokaa iliyo katika mifupa yetu havikuwako tangu mwanzo. Vilifanyizwa ndani ya nyota, na nyota zilipopasuka vilitawanywa, hata vikawa mavumbi, na mavumbi yakakusanyika kuwa dunia. Basi mtoto yule, na mavumbi tuliyomtupia kwa konzi tatu, vilikuwa jamaa moja na vile ving'aavyo juu. Neno hili ni zuri, nasi tulimwambia. Lakini tuliona usoni mwake ya kuwa halikutosha. Nyota haina masikio. Mtu hawezi kumlilia jamaa asiyesikia.

Ndipo tukasoma naye Zaburi ya 147, aya ya 3 na ya 4. Wengi huzisoma bila kutambua jinsi zilivyowekwa pamoja. Aya ya tatu ni habari za Mungu kuwa tabibu, aiendeaye mioyo iliyopondeka na kufunga vidonda vyake. Aya ya nne, pasipo neno la kuziunganisha, ni habari zake yeye yule akizihesabu nyota na kuzipa zote majina. Sisi tungalidhani hizo ni kazi mbili za watu wawili, tena za vipimo visivyolingana. Daktari wa kijijini na mtawala wa mbingu. Mtunga zaburi haoni tofauti. Kwake, kuhesabu bilioni hakumchoshi Mungu hata asiwe na nafasi ya kufunga kidonda kimoja. Ni sisi ambao tukiwa na mengi huyasahau madogo. Mwenye kondoo 500 hajui jina la kila mmoja. Tumemdhania Mungu kuwa tajiri wa namna yetu.

Tena tukamwambia lile ambalo zaburi haikulijua bado: ya kuwa yeye ambaye kwake vyote vilifanyika alikuja katika chembe ile ya mchanga, akazaliwa, akasimama penye kaburi la rafiki yake akalia machozi. Mama yule akauliza, Alilia kweli? Tukamwonyesha katika Yohana sura ya 11. Akaomba tumwandikie sura na aya katika karatasi, akaikunja, akaifunga katika pindo la kanga yake, akaenda zake.

Waalimu watakao kuwaonyesha vijana mambo haya hawahitaji chombo cha fedha nyingi. Mwezi wa Juni, saa tatu usiku, tazameni kusini mwone Msalaba, na kushoto kwake nyota mbili zing'aazo. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo Alfa Sentauri aliyoipima Henderson. Julai na Agosti, wakati wa kiangazi, Njia Nyeupe hupita juu ya vichwa vyetu, na mahali iliponenepa ndipo upande wa kitovu chake. Mwezi wa Januari, kusini, chini kidogo, yapo mawingu mawili madogo yasiyopeperushwa na upepo. Hayo ndiyo Mawingu ya Magellan. Na mwezi wa Novemba, mawingu ya vuli yakiruhusu, kwa saa hiyo hiyo ya tatu, geukeni kaskazini, mtafute nusu ya njia kati ya upeo wa nchi na utosi wa mbingu. Zimeni taa zote, mngoje robo saa ili macho yazoee giza. Mtaona doa hafifu la nuru, kama pumzi juu ya kioo. Lionekana vizuri zaidi mkitazama kando yake kidogo kuliko mkilikazia macho. Hiyo ndiyo Andromeda. Vijana wenye macho mazuri huiona kwanza. Wazee na wachukue darubini ya mkono, na watoto wapewe zamu yao kabla hawajalala.